Bibi akianza kusahau, usimfungie ndani

Ni jioni ya mwezi wa sita, mpunga umeshavunwa. Mtoto wa darasa la tatu anaingia uani akitoka shule, njaa imemshika. Bibi yake amekaa kwenye mkeka, ungo mkononi, anapepeta mchele. Anainua uso, anatabasamu na kusema, "Mume wangu, umerudi?"

Utani huu unajulikana katika nyumba nyingi za Tanzania. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na mjukuu naye hujibu kwa kudai chakula kama mwenye nyumba. Mtoto huyu amekulia ndani ya utani huo, kwa hiyo anajibu kama alivyozoea, "Nimerudi, mke wangu. Umenipikia nini?"

Siku hiyo bibi hacheki. Anamtazama kwa makini, kisha anamuuliza kama mizinga ameikuta salama, na kwa nini amekaa porini siku nyingi hivyo bila kuleta habari. Mtoto anageuka kumtafuta mama yake kwa macho. Babu yake ndiye aliyekuwa mrina asali. Alifariki kabla yeye hajazaliwa.

Nyumba hiyo iko Kasansa, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa. Ni nyumba ya mfano tu, lakini yanayotokea ndani yake hutokea katika nyumba za kweli, Kasansa na kwingineko. Bibi ana miaka 76. Anaishi na binti yake, mama wa watoto watatu, anayelima mpunga na kuuza vitu vidogo vidogo kibarazani. Kaka wa mama huyo wako wawili, mmoja Mpanda na mwingine Dar es Salaam.

Utani uliogeuka kuwa kweli haukuwa dalili ya kwanza. Ulikuwa ya kwanza ambayo familia ilishindwa kuicheka.

Dalili zilizoitwa uzee

Miaka miwili kabla ya jioni ile, bibi alianza kutia chumvi mara mbili kwenye mboga. Watoto wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Baadaye akawa anauliza swali lile lile mara nne kabla ugali haujaiva. Akafunga hela kwenye pindo la kanga, akaisahau, kisha akamtuhumu mjukuu wake mkubwa kuwa ameiiba. Binti yule wa sekondari alilia siku nzima, kwa sababu bibi ndiye aliyemlea na hakuwahi kumwita mwizi.

Kisha ikaja siku ambayo bibi alitumwa mashine ya kukoboa, njia aliyoipita maelfu ya mara, akakutwa upande wa pili wa kijiji akiwa amesimama juani na debe lake. Alipoulizwa anakwenda wapi, alijibu kwamba anakwenda kwa mama yake.

Kila mara mama wa nyumba alisema neno moja, "Uzee." Majirani walisema hivyo hivyo. Kaka wa Dar es Salaam, aliyekuwa akipiga simu Jumapili, aliongea na mama yake dakika mbili, akasikia sauti ile ile ya siku zote, akasema mama yuko sawa na dada anakuza mambo.

Hapo ndipo nyumba nyingi hupoteza muda. Kusahau ulikoweka miwani na kuikumbuka baadaye ni jambo la kawaida katika uzee. Kuishika miwani usijue ni ya kazi gani ni jambo jingine. Mzee mwenye afya anaweza kusahau jina la mtu aliyekutana naye msibani. Anayepotea katika njia ya nyumbani kwake, anayeshindwa kupika chakula alichokipika miaka 50, anayebadilika tabia na kuanza kuwashuku watu wa karibu, huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya.

Hali hiyo wataalamu huiita demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Seli za ubongo huharibika na kufa taratibu kuliko inavyotarajiwa kwa umri wa mtu. Aina inayojulikana zaidi ni Alzheimer, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ni kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, mara nyingi baada ya kiharusi au presha iliyokaa muda mrefu bila kutibiwa. Kwa hesabu za shirika hilo, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Jibu limepatikana hapa hapa nchini. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita kijiji kwa kijiji wakawapima wazee zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, kati ya kila wazee 100 wa umri huo, takriban 6 walikuwa na demensia. Utafiti mwingine wa wilaya hiyo hiyo, uliozungumza na familia, ulikuta watu wengi wakiiona hali hiyo kuwa sehemu ya kuzeeka. Hai ni mbali na Katavi, ila neno "uzee" ni lile lile.

Usiku wa saa tisa

Wiki chache baada ya jioni ya mkeka, bibi alitoka nje saa tisa usiku. Mama wa nyumba alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyeshinda shambani. Bibi alivuka uwanja, akaenda hadi nyumba ya jirani, familia ya wafugaji wa Kisukuma, akasimama mlangoni kwao akiita jina la marehemu mumewe. Alikuwa amejifunga kanga moja tu, miguu peku.

Wiki hiyo mtoto wa jirani alikuwa na homa.

Asubuhi hakuna aliyegombana. Watu walisalimiana kama kawaida, lakini kisimani mazungumzo yalikatika mama wa nyumba alipofika na ndoo yake. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya upole, "Bibi usiku alikuwa anatafuta nini?" Swali hilo, sehemu kama Kasansa, si swali dogo.

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi mwa Tanzania, wanawake wazee wameshambuliwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yametosha kumtia mtu hatiani, ingawa macho hayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Sasa ongeza dalili za demensia: mzee anayetembea usiku, anayeongea na watu waliokufa, anayesimama kwenye milango ya watu, anayejibu maswali yasiyoulizwa. Ugonjwa huu unamfanya mzee afanye mambo yale yale ambayo watu wamefundishwa kuyaogopa.

Mama wa nyumba alilijua hilo bila kuambiwa. Siku hiyo hiyo alinunua kufuli.

Kufuli

Ni rahisi kumlaumu mtu aliyesimama mbali na jambo hili. Aliye ndani ya nyumba hana nafasi hiyo. Mama yule alimfungia mama yake ndani kwa sababu alimpenda na kwa sababu aliogopa. Kila alipokwenda shambani alifunga mlango kwa nje. Kila aliporudi alikuta chakula hakijaguswa.

Siku ya tano alikuta bibi amejisaidia pembeni ya kitanda na amekaa akilia, hajui kwa nini mlango haufunguki. Alipomwona binti yake aliinama kidogo, akaunganisha mikono na kusema, "Shikamoo, mama."

Mzazi yeyote aliyelelewa hapa anajua uzito wa salamu hiyo ikitoka upande usio wake. Shikamoo humpanda mkubwa. Mama aliyekuzaa hawezi kukupa. Binti alisimama pale na jembe begani, hakujua ajibu nini. Akiitikia, amekubali kwamba mama yake hamjui tena. Akikataa, atamwacha mama yake na salamu isiyopokelewa, kama mtoto aliyekosea.

Hakuitikia siku hiyo. Alimwosha, akambadilisha nguo, kisha akatoka nje akampigia simu kaka wa Mpanda. Alimwambia aje kesho, si mwisho wa mwezi.

Vitu vya kuangaliwa kwanza

Walimpeleka bibi kituo cha afya, na hiyo ndiyo hatua ambayo kila familia inapaswa kuianza mapema kuliko wao. Si kila kusahau ni demensia, na baadhi ya sababu zinatibika. Mtoa huduma ataangalia presha, sukari, malaria, wingi wa damu na maambukizi, na anaweza kushauri kipimo cha virusi vya Ukimwi. Upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo yanaweza kuvuruga kumbukumbu. Sonona, hasa baada ya kufiwa, humfanya mzee aonekane amepoteza akili wakati amepoteza matumaini. Dawa anazotumia nazo zitajwe zote, pamoja na za miti shamba na zile zilizonunuliwa duka la dawa bila cheti.

Masikio na macho yasisahaulike. Mzee asiyesikia vizuri hujibu visivyo, na mwenye mtoto wa jicho huona vivuli na kuvidhania watu. Matatizo haya mawili yanaweza kupunguzwa, na yakipunguzwa mzee hupata nafuu hata kama demensia ipo.

Kitu kimoja kishikwe sana. Demensia huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka, hajui alipo, au analala muda wote, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, kushuka kwa sukari, upungufu wa maji mwilini au kiharusi, na kusubiri kunaweza kumuua.

Kwa bibi wa Kasansa, malaria haikuwepo na sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu sana, na hakuna aliyewahi kuipima. Akapewa dawa za presha na rufaa ya kwenda Mpanda, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi. Huko familia ikaambiwa jina la ugonjwa. Ikaambiwa pia ukweli: hakuna dawa ya kuuponya. Zipo dawa zinazoweza kupunguza baadhi ya dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa, lakini sehemu kubwa ya matibabu ni namna mgonjwa anavyoishi na watu wake. Wakaonywa wasimpe vidonge vya usingizi kwa kujiamulia, maana vinaweza kumzidishia kuchanganyikiwa na kumfanya aanguke.

Mzee asiye na uwezo, mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ana haki ya kuulizia matibabu ya msamaha katika vituo vya serikali. Familia ianzie kwa mtendaji wa kijiji au ofisa ustawi wa jamii, na ifanye hivyo kabla mgonjwa hajazidiwa.

Waliposema, hofu ilipungua

Waliporudi kutoka Mpanda, kaka na dada walikaa usiku wakishauriana. Kaka alitaka iwe siri ya familia. Aliona aibu. Dada alimwambia kwamba siri imeshatoka, watu wanaisema kisimani, ila wanaisema kwa jina jingine.

Waswahili wana methali kwa ajili ya usiku kama huo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho yake walikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji wakiwa na karatasi za hospitali. Kisha wakaenda kwa jirani, yule yule ambaye mtoto wake alikuwa na homa, ambaye kwa bahati njema alikuwa amepona baada ya kupata dawa za malaria. Hawakwenda kujitetea. Walisema mama yetu ana ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Usiku hajui kama ni usiku. Anamtafuta mume wake aliyefariki. Mkimwona nje, msimfukuze wala msimpigie kelele. Mwiteni kwa jina, mshikeni mkono, mtuletee au mtupigie simu. Wakaacha namba.

Mzee wa nyumba ile alikaa kimya muda, kisha akasema kwamba mama yake mwenyewe, kabla ya kufa, alikuwa akiamka usiku kufungulia ng'ombe waliouzwa miaka 10 nyuma. Hakuwahi kumwambia mtu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Familia nyingi huficha kwa kudhani zinamlinda mzee. Ukimya huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na yeyote mwenye maelezo ya haraka, awe mbeya au mpiga ramli. Ugonjwa ukitajwa mapema, mbele ya kiongozi wa kitongoji, majirani, kiongozi wa dini na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mzee anapata macho mengi ya kumlinda. Ikitokea tayari kuna vitisho au maneno ya uchawi, familia isisubiri. Itoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo.

Kufuli lilitolewa mlangoni. Badala yake walifunga kengele ndogo juu ya mlango, na mjukuu mkubwa akahamia kulala chumba cha bibi. Jembe, panga na mafuta ya taa vilihamishiwa juu. Kisima cha uani kiliwekewa mfuniko mzito. Jiko la mkaa halikuachwa tena bila mtu. Bibi aliruhusiwa kutembea kila jioni na mtu pembeni yake, akichoka alilala.

Mikono inakumbuka

Baada ya hapo mama wa nyumba alijifunza kwa makosa. Mwanzoni kila bibi alipouliza mumewe yuko wapi, alimjibu, "Mama, baba alifariki." Kila mara bibi alipokea taarifa hiyo kama mpya na kulia upya. Siku moja alilia hivyo mara tatu kabla ya saa sita mchana. Binti akaona kwamba ukweli anaousema haumsaidii mtu. Akaanza kuuliza badala ya kusahihisha: "Baba alikuwa anapenda kula nini akitoka porini?" Bibi akasimulia. Akataja majina ya miti, akaeleza namna ya kutundika mzinga, moshi wa kufukuza nyuki, asali ya kwanza inayopewa watoto. Kulia kukakoma.

Huko si kudanganya. Mtu mwenye demensia hupoteza kwanza mambo ya karibu, huku ya zamani yakibaki muda mrefu zaidi. Hisia hubaki baada ya tukio kusahaulika. Bibi aliyegombezwa asubuhi anaweza asikumbuke ugomvi, lakini atashinda na huzuni asiyojua ilikotoka. Aliyechekeshwa naye hushinda na furaha.

Lugha nayo hurudi nyuma. Bibi alianza kuchanganya Kipimbwe zaidi kuliko zamani, na wajukuu waliozoea Kiswahili wakawa hawamwelewi. Mama yao akawa mkalimani, kisha watoto wakaanza kuyaokota maneno wenyewe. Leo mdogo anaomba maji kwa Kipimbwe, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha kwa makusudi.

Kule Hai, wataalamu walijaribu jambo linalofanana na haya kwa mpangilio maalumu. Walichukua tiba ya kuchangamsha akili iliyoanzia Uingereza, wakaibadili ili ifae wazee wa vijijini ambao wengi hawakusoma sana. Wazee 34 walikutana kwa vikundi katika vipindi 14, wakizungumza, wakicheza na kufanya kazi ndogo za mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezo wao wa kufikiri uliimarika na wasiwasi ulipungua. Hakuna mashine ghali iliyotumika.

Nyumbani inawezekana. Siku iwe na mpangilio ule ule: kuamka, kuoga, uji, kazi ndogo, kupumzika, matembezi, chakula, kulala. Maelekezo yatolewe moja moja. "Shika kikombe" inaeleweka kuliko "Kunywa chai yako halafu uje uoge." Wakati wa kuoga afunikwe kanga, maji yawe ya vuguvugu, na aoshwe na mtu anayemzoea. Apewe kazi ambayo mikono yake inaijua, kama kuchambua mchele, kukunja nguo au kupukuchua mahindi. Kazi isikosolewe. Mama wa nyumba huchambua upya mchele ule usiku, bibi akiwa amelala.

Mlezi naye ni mtu

Katika nyumba nyingi ulezi huu humwangukia binti mmoja, aliyebaki karibu. Wengine hutuma hela na ushauri. Mama wa Kasansa alipungua uzito, kibaraza cha biashara kikafungwa, na kuna jioni alimsukuma mama yake kwa hasira. Bibi hakuanguka. Binti alikaa chini akatetemeka.

Mlezi anayefika hapo si mtu mbaya. Amechoka kupita kiasi, na hiyo ni ishara ya kuomba msaada. Familia ikae, hata kwa simu, igawane kazi kwa kutaja siku na majina. Katika nyumba hii, kaka wa Mpanda humchukua mama wiki moja kila mwezi pale anapokuwa na utulivu, na akikataa safari huja yeye. Kaka wa Dar es Salaam alikuja likizo akakaa siku nne peke yake na mama yake. Usiku wa pili alimpigia dada yake simu akamwomba msamaha. Siku hizi hela yake humlipa msichana wa kusaidia mashambani wakati wa palizi, ili dada abaki nyumbani bila kupoteza mazao.

Mlezi apime presha yake pia. Ripoti ya jopo la wataalamu wa jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja vitu 14 vinavyochangia demensia, vikiwemo presha, kisukari, sigara, ulevi, kutosikia, kutoona vizuri, upweke na kukosa elimu utotoni. Kwa makadirio yao, karibu nusu ya wagonjwa duniani wangeweza kuepuka au kuchelewesha ugonjwa kama vyote vingedhibitiwa. Mzazi wa miaka 40 anayesoma haya kwenye simu bado ana muda. Na mtoto anayebaki shuleni anajengewa ubongo wa uzeeni.

Watoto waambiwe nini

Waambiwe ukweli unaowafaa. Mama wa Kasansa alimkalisha mwanawe wa darasa la tatu akamwambia, "Bibi ana ugonjwa kichwani. Hauambukizi. Hujamkosea. Akikuita mume, anaweza kuwa anatania au anaweza kuwa anamwona babu. Ukiogopa, njoo uniite." Mtoto aliuliza swali moja, kama bibi atamsahau kabisa. Mama alimjibu kwamba jina anaweza kulisahau, lakini akimshika mkono atajua ni mtu wake.

Pia aliambiwa kwamba ana haki ya kwenda kucheza. Mtoto anaweza kumpenda bibi bila kugeuzwa mlinzi wake.

Mpunga wa mwaka uliofuata umevunwa. Bibi anatembea kidogo, anakula kwa kusaidiwa, na siku nyingine haongei hadi mchana. Zipo siku mbaya, na zijazo zitakuwa mbaya zaidi; daktari alisema hivyo na familia inajua. Lakini asubuhi moja, akiwa ametoka kuogeshwa, alimtazama binti yake, akaunganisha mikono na kusema, "Shikamoo, mama."

Binti alikwishaamua siku nyingi atafanya nini salamu hiyo ikirudi. Akaishika mikono ile yote miwili. "Marahaba, mwanangu," akajibu. "Umeamkaje?"

Bibi akasema ameamka salama. Uani mjukuu alikuwa anavaa viatu vya shule. Bibi akamwona, akamuuliza habari za mizinga.

"Iko salama, mke wangu," mtoto akasema, akakimbilia shule.